Neno “adversely” katika Maandishi ya Tiba: Maana Yake na Namna ya Kumfikishia Mgonjwa

Ni nadra kufungua karatasi ya maelezo iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa bila kukutana na neno la Kiingereza “adversely” au ndugu zake. Limo pia katika miongozo ya matibabu, na hasa katika fomu za ridhaa ambazo watafiti huzitafsiri kwa Kiswahili kabla ya kumwomba mtu atie sahihi au dole gumba. Ni kielezi kimoja tu, na wafasiri wengi hulimaliza kwa neno moja: vibaya. Lakini mgonjwa anayeambiwa kwamba dawa yake huenda “ikamwathiri vibaya” anaweza kurudi nyumbani na kuitupa chooni, na yule anayeambiwa kwamba dawa “ina athari ndogondogo” anaweza kukaa wiki mbili na macho ya manjano akidhani ndizo zile athari alizoagizwa azivumilie. Makala haya yanaeleza neno lenyewe lina maana gani, halina maana gani, na Kiswahili kina njia zipi za kulibeba.

Asili yake ni Kilatini, katika tendo la kugeuka na kukikabili kitu. Waingereza wamekitumia kivumishi chake, “adverse”, kuuelezea upepo unaovuma kinyume na chombo kiendako. Wenyeji wa pwani yetu wanaujua upepo huo na wana jina lake: upepo wa mbisho. Mfano huu unafaa kuliko fasili nyingi za kamusi, kwa sababu neno mbisho halisemi lolote kuhusu nguvu ya upepo. Unaweza kuwa wa dhoruba, unaweza kuwa mwanana. Kinachoufanya uwe wa mbisho ni kwamba unatoka kule unakokwenda. Na nahodha akikutana nao si lazima arudi bandarini. Mara nyingi hubisha, akikata upande huu na upande ule mpaka afike.

Hivyo ndivyo neno hili linavyofanya kazi katika tiba. Linataja mwelekeo: tokeo limekwenda kinyume na lililokusudiwa, au kinyume na linalomfaa mgonjwa. Halitaji ukali. Halitaji uwezekano, yaani ni watu wangapi katika mia litawapata. Na likisimama peke yake halithibitishi chanzo. Mambo hayo matatu huletwa na maneno mengine ya sentensi, na msomaji anayeyapachika ndani ya kielezi hiki anasoma kisichoandikwa.

Kwa kuwa ni kielezi, hufuatana na kitenzi, na kitenzi kinachoandamana nacho mara nyingi ni “affect”, yaani kugusa kitu na kukibadili. Kitenzi hicho hakina upande. Dawa ya shinikizo la damu hugusa mishipa ikaifaidi. Pombe hugusa ini ikalidhuru. Kiingereza kinaweza kutumia kitenzi kilekile kwa zote mbili. Ndiyo maana mwandishi wa Kiingereza analazimika kuongeza kielezi ili msomaji ajue upepo unavuma kutoka wapi. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu ndilo litakalotuonyesha baadaye kwa nini Kiswahili mara nyingi hakihitaji kielezi hicho kabisa.

Vibaya, hasi na athari

Tuanze na “vibaya”. Katika Kiswahili cha kila siku neno hili lina kazi mbili. Mtu akiandika vibaya, mwandiko wake haupendezi; hapo linaeleza namna. Lakini mtu akiumia vibaya ameumia sana, na vijana husema wanapendana vibaya wakimaanisha wanapendana kupita kiasi. Hapo linaeleza kadiri. Mgonjwa akisikia kwamba dawa “huathiri figo vibaya”, sikio lake huichukua maana ya pili: figo zitaharibika sana. Mwandishi wa Kiingereza hakusema hivyo. Alisema tu kwamba badiliko lolote litakalotokea kwenye figo, liwe dogo au kubwa, halitakuwa la manufaa.

Kosa hili ni gumu kugunduliwa kwa njia ya kawaida ya kuhakiki fomu za ridhaa, ambapo mtu wa pili huurudisha mswada wa Kiswahili katika Kiingereza na kuulinganisha na matini ya awali. Mhakiki aliyezoea lugha ya tiba akiona “huathiri vibaya” ataandika “adversely” bila kusita, na fomu itapita. Atakayeambulia maana nyingine ni mkulima aliyeketi kwenye benchi akisomewa fomu hiyo, naye hakuwamo katika zoezi la uhakiki.

Wengine hukimbilia “athari hasi”. Istilahi hii ina adabu ya kitaaluma na sina ugomvi nayo katika tasnifu. Kliniki ni mahali pengine. Huko mgonjwa amefundishwa kwa miaka mingi kwamba majibu hasi ya kipimo cha VVU au cha malaria ni habari njema. Ukimwambia kwamba kipimo chake ni hasi, kisha dakika tano baadaye ukamwambia dawa aliyopewa ina athari hasi, una haki gani ya kushangaa akielewa kwamba haina athari? Tena kitenzi kuhasi, kwa mfugaji, ni kumfanya dume asizae. Si neno la kulirusha ovyo mbele ya mwanamume anayeuliza kuhusu dawa.

Neno “athari” lenyewe lina safari yake. Katika Kiarabu ni alama inayobaki nyuma ya kitu kilichopita, kama unyayo mchangani. Kiswahili cha kitaaluma kimelihifadhi katika maana hiyo isiyo na upande: athari za elimu kwa afya ya mama, athari za mvua kwa kilimo. Kiswahili cha mtaani kimeliegemeza kwenye ubaya. Ushahidi mzito wa jambo hili ni neno “mwathirika”, ambalo kwa miaka mingi lilitumika nchini Tanzania kumtaja mtu aliyeambukizwa VVU. Wenye maambukizi wenyewe hawakuridhika nalo, kwa kuwa lilimchora mtu kama kitu kilichokwisha kuharibika, na leo istilahi inayokubalika ni WAVIU, yaani watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Waliolipinga walisikia kitu ambacho kamusi haikukiandika.

Kwa hiyo neno hilohilo, “athari”, linamfikia daktari likiwa halina upande na linamfikia mgonjwa likiwa limekwisha kuinama. Pendekezo langu ni kulitumia pale tu tunapotaka kuzungumzia badiliko lolote, zuri au baya, na kulitangaza hivyo. Kwa kilichodhuru tunalo neno “madhara”, ambalo halina utata. Kwa kero zisizo na hatari, wahudumu wa uzazi wa mpango na wa kliniki za dawa za kufubaza VVU wamekwisha kutuzoesha neno zuri, “maudhi madogomadogo”, na ni vyema likabaki kwenye kero tu. Macho kuwa manjano si maudhi.

Kitenzi kinachobeba upande wake

Kiswahili kina utajiri wa vitenzi ambavyo vimekwisha kubeba mwelekeo ndani yake. Kudhuru, kudhoofisha, kuzorotesha, kuvuruga, kudumaza, kuchelewesha, kupunguza nguvu: hakuna hata kimoja kinachohitaji kielezi cha kukumbusha kwamba mambo yamekwenda kombo. Mfasiri akiona “adversely affects growth” katika maelezo ya lishe ya mtoto, asihangaike na “huathiri ukuaji vibaya”. Aandike “hudumaza”, ikiwa ndicho kinachosemwa. Kwa figo ni “hudhoofisha utendaji wa figo”. Kwa dereva aliyemeza dawa inayolevya ni “hupunguza wepesi wa kuendesha chombo”. Kwa ufuasi wa dawa ni “huvuruga”.

Faida ya njia hii si ufasaha peke yake. Inamlazimisha mfasiri kuuliza swali ambalo Kiingereza kilimruhusu kulikwepa: hasa kinaharibika nini, na kwa namna gani? Kielezi “adversely” ni kama pazia. Nyuma yake panaweza kuwa na kichefuchefu au kifo. Mfasiri asiyejua kilichoko nyuma ya pazia hana budi kumuuliza mfamasia kabla ya kuandika.

Na hapo hapo kuna neno jingine dogo linalostahili kuangaliwa. Maelezo ya dawa husema mara nyingi “may adversely affect”. Neno “may” hapo linaeleza mashaka: huenda ikawa, huenda isiwe. Tukilifasiri kwa “inaweza”, tunateleza kidogo, kwa sababu kuweza kwa Kiswahili ni kwanza kuwa na uwezo. “Dawa hii inaweza kuua” ni onyo la sumu. “Huenda” hubeba mashaka vizuri zaidi: huenda dawa hii ikapunguza hamu yako ya kula.

Mfano wa dawa za kifua kikuu

Hakuna mahali panapoonyesha tofauti hizi waziwazi kama matibabu ya kifua kikuu, ambayo kwa kawaida huanza na dawa nne kwa pamoja na huchukua miezi sita kwa aina isiyo sugu. Rifampisini hugeuza mkojo, jasho na hata machozi kuwa na rangi ya chungwa au nyekundu. Hiyo ni athari ya dawa kwa maana halisi ya alama inayobaki, lakini haimdhuru mtu, na Kiingereza makini hakitatumia “adversely” kuieleza. Hata hivyo mgonjwa ambaye hakuambiwa mapema atadhani anakojoa damu. Wapo wanaoacha dozi kwa sababu hiyo tu.

Isoniazidi huweza kuleta ganzi na hisia ya kuchomwachomwa nyayoni, kwa kuwa huingilia matumizi ya vitamini B6 mwilini. Hapa neno linastahili kabisa: mishipa ya fahamu inadhurika. Lakini ni mbisho ambao nahodha anaubisha, kwani vitamini hiyo, piridoksini, hutolewa kuzuia au kutibu hali hiyo huku matibabu yakiendelea, hasa kwa wajawazito, wenye kisukari, wanaoishi na VVU na wenye utapiamlo. Ethambutoli huweza kupunguza uwezo wa kuona na wa kutofautisha nyekundu na kijani. Mgonjwa anayeanza kuona ukungu arudi kituoni siku hiyohiyo. Na manjano ya macho, pamoja na kutapika, uchovu mkubwa na mkojo mweusi kama chai ya rangi, yanaweza kuwa dalili kwamba ini limedhurika. Hilo ni la kukimbilia hospitali. Mhudumu ndiye atakayeamua dawa ipi isimamishwe.

Dawa nne, na mambo manne yasiyolingana. Fomu inayoyafunika yote kwa “dawa hizi zina athari” haijamwambia mgonjwa kitu.

Rifampisini inatufundisha pia matumizi mengine ya kielezi hiki, pale kinapoambatana na kitenzi cha mwingiliano. Dawa hii huliamsha ini livunje dawa nyingine upesi kuliko kawaida. Vidonge vya uzazi wa mpango na vipandikizi hupungua nguvu, na mwanamke anaweza kushika mimba akiwa na hakika kwamba amejikinga. Dolutegraviri, dawa kuu ya VVU katika ukanda wetu, hushuka katika damu kiasi kwamba mtu mzima anayetumia rifampisini huongezewa dozi ya pili ya miligramu 50 baada ya saa 12. Hakuna sumu iliyotengenezwa hapa, na mgonjwa hatahisi chochote. Kilichotokea ni kwamba dawa moja imeipunguzia nyingine nguvu. Kiingereza husema dawa hizo “interact adversely”. Mgonjwa akiambiwa kwamba “zinadhuriana” atatafuta maumivu, asiyaone, aendelee kwa amani. Aambiwe kwamba dawa ya kifua kikuu inaipunguzia nguvu dawa yake nyingine.

Dhara kwa nani?

Mwelekeo wa upepo hutegemea chombo kinakokwenda. Piritoni, ambayo wengi wetu tumeimeza kwa mafua au mwasho, huleta usingizi. Kwa dereva wa bodaboda usingizi huo ni hatari. Kwa mtu aliyekesha siku tatu akijikuna, ni sehemu ya nafuu. Kemikali ni ileile na tendo ni lilelile. Kielezi hubadilika kwa sababu ya mtu na shughuli zake. Hukumu ya kwamba jambo ni “adverse” kwa hiyo haiwezi kutolewa na karatasi ya dawa peke yake, na mhudumu asiyemuuliza mgonjwa kazi anayoifanya amekosa nusu ya taarifa.

Mfano mchungu kuliko yote ni wa talidomaidi. Ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957 kama dawa ya usingizi, ikatumiwa pia na wajawazito kutuliza kichefuchefu. Iliondolewa sokoni huko Novemba 1961, baada ya madaktari kuihusisha na watoto waliozaliwa na mikono au miguu mifupi, au bila viungo hivyo. Watoto waliodhurika duniani wanakadiriwa kuzidi 10,000. Dawa hiyohiyo leo hutumiwa, chini ya masharti makali, kutibu aina moja ya saratani ya uboho na mlipuko wa uvimbe wenye maumivu unaowapata baadhi ya wagonjwa wa ukoma.

Baada ya mkasa huo Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 1968, pamoja na nchi 10, mpango wa kukusanya taarifa za madhara ya dawa, na tangu 1978 kituo chake kiko Uppsala, Uswidi. Kazi ya kukusanya taarifa kutoka lugha nyingi ndiyo iliyowalazimu wataalamu kuyatenganisha maneno yaliyokuwa yakichanganywa. Wakakubaliana kwamba “adverse reaction” ni dhara lisilokusudiwa ambalo dawa inashukiwa kulisababisha kwa dozi ya kawaida, na kwamba “adverse event” ni tukio baya lolote lililotokea baada ya dawa kutolewa, liwe limesababishwa nayo au la.

Tofauti hiyo ya pili Kiswahili chetu huivunja bila kukusudia. Katika chanjo, Kiingereza husema kwa uangalifu kwamba tukio limetokea “baada ya” chanjo. Sisi husema “madhara ya chanjo”. Tazama kazi ya kile kiunganishi “ya”: kimekwisha kuimilikisha chanjo dhara lile, kama vile uchunguzi umefanyika na hukumu imetolewa. Mtoto aliyechanjwa Jumatatu akapata degedege Jumatano kwa sababu ya malaria amepata tukio baya baada ya chanjo. Hajapata dhara la chanjo. Katika kijiji ambacho uvumi hutembea kwa kasi kuliko gari la kliniki, silabi moja inaweza kuwaweka watoto wa kata nzima nyumbani. Tuseme “tukio baya baada ya chanjo” mpaka uchunguzi ukamilike. Ikithibitika kuwa ni chanjo, tuseme hivyo pia, bila kuficha.

Namna ya kusema kwa mgonjwa

Ukali na uzito visichanganywe. Maumivu ya kichwa yanaweza kuwa makali mno na yakaisha usiku uleule bila kuacha kitu. Taarifa za dawa huliita jambo zito pale linapoua, linapotishia uhai, linapomlaza mtu hospitali au kurefusha kulazwa kwake, linapoacha ulemavu, au linapomfanya mtoto azaliwe na kasoro.

Kuhusu uwezekano, maneno ya vijikaratasi vinavyofuata utaratibu wa Ulaya yana vipimo ambavyo wasomaji wengi hawavijui. Linaloitwa la kawaida sana huwapata angalau mtu 1 katika 10. La kawaida, kati ya 1 katika 100 na 1 katika 10. La nadra, kati ya 1 katika 10,000 na 1 katika 1,000. Ukimwambia mgonjwa, “Mama, katika watu 100 wanaomeza dawa hii, pengine mmoja au wawili watapata vipele,” umemsaidia kuliko kivumishi chochote.

Wapo wanaohoji kama ni busara kumweleza mgonjwa yote haya, kwa hofu kwamba maelezo yenyewe yatamzulia dalili. Hofu hiyo ina msingi. Utafiti mmoja wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2020 uliwachukua watu 60 walioacha statini kwa sababu ya maudhi, ukawapa kwa zamu miezi ya statini, miezi ya vidonge visivyo na dawa, na miezi bila kidonge chochote. Asilimia 90 hivi ya usumbufu walioupata wakimeza statini ilijitokeza pia walipomeza vidonge visivyo na dawa. Usumbufu ulikuwa wa kweli, lakini haukutoka kwenye kemikali. Sioni kwamba jawabu ni kunyamaza. Ninaona kwamba neno tunalolichagua ni sehemu ya dozi, na kwamba “vibaya” lisilofafanuliwa huenda likadhuru kuliko maelezo kamili yenye kipimo.

Wagonjwa nao wana msamiati wao. “Sista, dawa hii inanikataa,” mtu atasema, na mhudumu mwenye haraka huandika mzio katika kadi. Kumkataa mtu kunaweza kuwa mzio kweli, pamoja na vipele, midomo kuvimba na pumzi kubana. Kunaweza pia kuwa kutapika kwa sababu alimeza tumbo likiwa tupu, au tu kwamba homa haikushuka. Aliyeandikiwa mzio wa penisilini kimakosa huenda akanyimwa dawa bora kwa maisha yake yote. Muulizeni: ilikukataa vipi, baada ya saa ngapi, uliwahi kuimeza tena, ikawaje?

Majibu yake, kwa maneno yake, ndiyo yaandikwe katika fomu ya taarifa ya madhara, ambayo wengi huiita fomu ya njano, inayopelekwa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba nchini Tanzania au kwa Bodi ya Famasia na Sumu nchini Kenya. Fomu haihitaji uthibitisho kwamba dawa ndiyo chanzo, shaka inatosha. Taja jina la dawa, dozi, namba ya toleo iliyo kwenye boksi, siku ilipoanzwa, siku dalili ilipoanza, dawa nyingine anazotumia zikiwemo za mitishamba, na kilichotokea ilipoachwa. Penye nafasi ya maelezo, usiandike kwamba dawa ilimwathiri vibaya. Andika kwamba siku ya tatu alitoka vipele kifuani, vikaenea mikononi, na midomo ikaanza kuchubuka.